Meza ya Maziwa Lala kwenye Kliniki ya Presha

Wauguzi wapya wa kliniki wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi kwa sababu, wanasema, nikikaa nyumbani nitasahau. Sijasahau. Ila nimekubali, kwa sharti kwamba sitaandika nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Cheo kilichelewa na mshahara haukutosha, na hayo mtayajua wenyewe. Nitaandika kuhusu presha, ambayo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote, na kuhusu Wairimu, afisa wetu wa lishe. Nusu yenu mmefundishwa na mimi na nusu mmefundishwa na yeye, na mkituona kwenye ile picha ya siku ya kuniaga, tumeshikana mabega, mnadhani tulipendana tangu mwanzo. Nilimwonea wivu miaka mingi. Namwonea hata sasa, nitaeleza.

Nilianza kazi Ahero, kwenye kituo kidogo cha afya ambacho mvua ikizidi kilibaki kama kisiwa. Wagonjwa walifika miguu mitupu, viatu mkononi, wakaviacha mlangoni kama watu wanaoingia nyumba ya heshima. Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Sista Dorka, muuguzi mkubwa wa pale, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alinikabidhi mashine ya presha ya zebaki ikiwa imefungwa taulo kama mtoto mchanga. Alisema hiyo ndiyo mashine pekee tuliyo nayo, na nikiivunja nihame nayo.

Sista Dorka alinifundisha kupima presha kwa muda ambao wenzangu walitumia kujifunza kuzalisha. Mgonjwa akae kwanza, apumzike, asiongee. Mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe usawa wa moyo. Kama ametoka kunywa chai au amepanda baiskeli kutoka mbali, angoje. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Mpaka leo naamini watu wengi katika nchi hii wanameza dawa za presha ya sweta zao. Kisha pima tena, maana mara ya kwanza moyo wa mtu unakuwa bado unakuogopa.

Mgonjwa aliyenifunza zaidi pale Ahero alikuwa mkulima wa mpunga, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye shingo nene na kicheko kikubwa. Alikuja kwa sababu ya mwiba mguuni. Sista Dorka alinituma nimpime presha kwa sababu alikuwa na mazoea ya kumpima kila mtu mzima aliyeingia pale, hata aliyeleta barua. Zebaki ilipanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Nikapima mkono wa pili, ikawa hivyo hivyo. Nikamweleza yule bwana kwamba anahitaji vidonge, tena kila siku, na pengine kwa maisha yake yote. Akanisikiliza kwa adabu, akacheka, akasema ananyanyua gunia la mpunga peke yake na kwamba mgonjwa hafanyi hivyo. Akatolewa mwiba, akaenda.

Alirudi baada ya mavuno, kwenye pikipiki, amewekwa katikati ya ndugu zake wawili ili asianguke. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na mdomo umekwenda upande. Hakufa. Lakini tulipomtembelea baadaye, mke wake ndiye aliyekuwa anamfunga vifungo vya shati, na yeye alikuwa anatazama ukutani wakati anafungwa. Tulipokuwa tunarudi, Sista Dorka akaniambia maneno ambayo nimewarudia wengi wenu.

"Presha haiumi, Penina. Ndiyo sababu kazi yetu ni ngumu. Unampa mtu dawa ya kitu asichokisikia."

Nilibeba maneno hayo nilipohamishiwa mjini Kisumu, kwenye kituo kilicho karibu na mtaa wa Kaloleni. Hapo nilikabidhiwa kliniki ya presha ya kila Jumanne, na niliiendesha kama duka langu. Wagonjwa wangu walikuwa watu wa makamo: makarani, madereva, mama wa sokoni, walimu, watu waliofika umri ambao mwili unaanza kudai vitu. Nilikuwa na hotuba moja. Punguza chumvi, punguza tumbo, tembea, acha sigara, meza vidonge hata ukijisikia mzima. Niliitoa kwa Kiswahili na kwa Dholuo, kila Jumanne, mpaka wagonjwa wa zamani wakawa wanaimalizia kabla yangu. Walikuwa wananiheshimu sana. Mama Susana, aliyekuwa ananunua samaki ufukweni Luanda Kotieno na kuwauza huku mjini, hakuwahi kuja kliniki bila kuniletea omena, dagaa wa ziwani, waliofungwa kwenye gazeti. Nilichukua omena wale kama watu wengine wanavyochukua cheti.

Kisha akaja Wairimu.

Alikuwa msichana mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na wazazi wake walikuwa wametoka Mkoa wa Kati wakafungua duka la nafaka hapa mjini kabla hajazaliwa. Alikuwa amekulia hapa hapa. Nilimsalimia kwa Kiswahili kizuri cha kumsaidia mgeni, akanijibu kwa Dholuo safi kuliko cha watoto wangu. Huo haukuwa mwanzo mzuri, kwa upande wangu.

Alipewa meza mwisho wa korido, karibu na stoo. Wiki za kwanza alikuwa anangoja niwatume wagonjwa kwake, nami nikawa nasahau. Halafu Jumanne moja akaja na ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko, jagi, kijiko, na bilauri za plastiki. Akaanza kuwafundisha watu kutengeneza maziwa lala, yale yaliyochachushwa.

Nilipita pale nikijifanya natafuta kiti. Alikuwa anaeleza kwamba tumboni mwetu kuna bakteria wengi, na wengine ni wa kutusaidia, na kwamba maziwa lala na maziwa ya mgando yasiyochemshwa tena yana bakteria wa aina hiyo wakiwa hai. Alisema watafiti wameona kwamba watu wengine wenye presha wakiyatumia kila siku kwa muda, presha inashuka kidogo. Neno "kidogo" alilirudia. Akasema si dawa, kwamba vidonge vya Sista viendelee vile vile, na kwamba kwa wengine hutaona tofauti yoyote. Baada ya hapo akaonyesha: chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kisiungue, tia kijiko cha maziwa lala ya jana, funika, weka mahali pa joto mpaka kesho. Vyombo viwe vimeoshwa kwa maji ya moto. Usitie sukari, maana ukitia sukari umejitengenezea soda nyeupe. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama uji wa unga uliochachuka unafaa pia. Angeweza kumpendeza kwa kusema ndiyo. Alimwambia kwamba uji ukishachemka jikoni bakteria wale wanakufa, kwa hiyo anywe kwa sababu ni mtamu, lakini asiuhesabie kazi hiyo.

Hakukuwa na neno la kupinga. Hilo ndilo lililoniudhi. Ningemsikia akisema maziwa yanaponya presha, ningeingia kwa daktari mkuu siku ile ile nikiwa nimenyoosha kofia.

Mwezi haukuisha, foleni ilikuwa imehama. Watu walikuja kwangu wakanyoosha mkono, wakasikia namba, wakachukua vidonge, macho yao yakiwa kwenye korido. Kule kwenye meza walikaa. Waliongea. Mtu aliyekuwa ananiambia mimi "ndiyo Sista, hapana Sista" nilimsikia akimsimulia Wairimu habari za mkwe wake. Viti vya chumba changu vilianza kupungua, vinakwenda kule kimoja kimoja, na hakuna aliyekuwa anavirudisha. Jumanne moja Mama Susana alipita mlangoni kwangu na furushi la gazeti mkononi, akanisalimia vizuri sana, akaendelea nalo mpaka mwisho wa korido.

Nilikwenda nyumbani nikapika mboga na kuilaumu.

Mume wangu, Zablon, ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa na presha tangu alipopita miaka arobaini na mitano, na mimi ndiye niliyeigundua, sebuleni, baada ya kumlazimisha kukaa kimya, jambo ambalo lilichukua muda kuliko kupima. Tangu siku ile tulikuwa na vita vidogo visivyoisha. Alitia chumvi kwenye chakula kabla ya kukionja. Kila siku saa kumi, akitoka shule, alikunywa soda baridi mbele ya duka na walimu wenzake. Vidonge alimeza kwa sababu niliviweka kwenye kisahani chake cha chai na kusimama pale. Nilimwambia yote niliyojua. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtoto wa darasa la nne anayesubiri kengele.

Sasa sikilizeni. Jumanne moja ya likizo ya shule natoka chumbani kwangu kuita mgonjwa, natazama korido, namwona Zablon. Amekaa kwenye foleni ya Wairimu, ana kalamu mfukoni, na amevaa lile shati la kwenda harusini. Hakuwa ameniambia anakuja. Aliniona, akanipungia mkono kama mtu anayempungia jirani.

Jioni ile ndoo nyeupe ilikuwa jikoni kwangu. Kesho yake nilikuta jagi kwenye kabati, limefunikwa sahani na kuzungushiwa shali yangu ya kanisani, ile ya sufu, kwa sababu Wairimu alikuwa amesema pawe na joto. Nikamuuliza kama hakuona nguo nyingine nyumba nzima. Akajibu kwa utulivu kwamba amejaribu sweta yake na shali ndiyo inayotunza joto vizuri zaidi. Alikuwa amepima, mnaelewa? Mtu ambaye hakuwahi kupima chumvi hata mara moja alikuwa anapima joto la shali.

Aliacha soda ya saa kumi. Akawa anakuja moja kwa moja nyumbani kunywa bilauri ya maziwa lala, akisimama dirishani, akilamba mdomo wa juu. Baadaye akapunguza chumvi pia, kwa sababu Wairimu alimwambia ulimi unazoea. Mimi nilikuwa nimemwambia hivyo kwa miaka, kwa maneno yale yale, katika lugha mbili. Alikuwa anakuja na stori za Wairimu mezani. Wairimu anasema hivi, Wairimu anasema vile. Binti yetu Atieno alipiga simu siku moja kutoka chuo akauliza Wairimu ni nani, na mama yake amenyamaza kwa nini.

Sikuwa na hofu ya ile aina nyingine, ya wanawake na wanaume. Ingekuwa hiyo ningejua la kufanya. Hii ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mwingine alikuwa amemfanya mume wangu atake kuishi vizuri, na nyenzo alizotumia zilikuwa zangu.

Na presha ikashuka. Nilimpima mwenyewe, mkono wa kushoto na wa kulia, kwa mashine ya zebaki ya zamani na kwa ile mpya ya betri. Ilishuka si kwa muujiza, lakini ilishuka vya kutosha kwamba ingekuwa kadi ya mgonjwa mwingine ningeiandika nikitabasamu. Kushuka kule kulitokana na nini hasa, maziwa, au soda iliyoachwa, au chumvi, au vidonge, hakuna anayeweza kusema kwa mtu mmoja. Wairimu mwenyewe alimwambia hivyo. Zablon aliamini ni maziwa. Baada ya hapo akawa hataki nimpime, anasema kliniki kuna wauguzi wengine wa kumpima, na kwamba nyumbani anataka kuwa na mke. Kisahani cha chai nikakiacha kwa heshima yake, akasema vidonge atajimezea mwenyewe kama mtu mzima.

Ilikuwa Jumapili, tunajiandaa kwenda kanisani. Nilimsikia chumbani akipumua kwa hasira ndogo ndogo. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya kioo, anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia, na vidole vilikuwa vinapita pembeni ya kifungo kama vya mtu mwingine.

"Mama Atieno," akasema, na ulimi ulikuwa mzito, "hebu nisaidie hapa."

Nimefanya kazi miaka mingi na nimeona mengi. Nilimkalisha, nikamwambia atabasamu, nikamwambia anyanyue mikono yote miwili, kama ninavyowafundisha ninyi, na ule wa kulia ukashuka wenyewe. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali kubwa. Tukiwa njiani vidole vilianza kurudi, na tulipofika alikuwa anaongea vizuri, anamwambia daktari kwamba ni usingizi mbaya tu. Mashine ilionyesha presha ambayo sikuwa nimeiona kwake hata mwanzoni. Daktari akasema mshipa wa damu kichwani ulikuwa umeziba kidogo na kuachia wenyewe, na kwamba wengi hawapati onyo la namna hiyo.

Akamuuliza kuhusu vidonge. Zablon akatazama ukutani. Nilikuwa nimewahi kumwona mtu akitazama ukuta vile. Halafu akasema aliviacha tangu muhula ulipoanza, kwa sababu presha ilikuwa imeshuka na maziwa yalikuwa yanatosha.

Nitawaambia ukweli kuhusu kilichonijia pale, kwa sababu nimesoma kumbukumbu nyingi za wastaafu na wote walikuwa malaika. Kwanza ilinijia hofu. Pili ilinijia shukrani kwa Mungu. Ya tatu, ikiwa imeshikilia mkia wa shukrani, ilikuwa furaha: sasa nimempata yule msichana.

Jumatatu nilikuwa mezani kwake kabla hajaweka mkoba chini. Nilimweleza kilichotokea, polepole, na nikamuuliza kama ndivyo alivyomwambia mume wangu, aache dawa anywe maziwa. Wairimu akakaa.

"Sista, kila alipokuja nilimwambia aendelee na vidonge," akasema. "Lakini sikumuuliza kama anaendelea. Ni mume wako. Nilijua wewe unaona."

Mimi nilijua yeye anaona. Sikumwambia hivyo, lakini nadhani alisoma usoni, maana hakuendelea kujitetea. Akauliza Mwalimu amelazwa wapi na anakula nini. Nikamjibu kwa ufupi nikaondoka.

Jumanne ile hakuweka ndoo. Aliwaita wagonjwa wake mmoja mmoja akawauliza swali moja tu, kama wanameza vidonge, na akiwauliza hivyo aliwatazama mpaka wajibu. Zablon hakuwa peke yake. Walikuwepo wengine, waliojisikia vizuri wakaacha kimya kimya, kila mmoja akidhani ni siri yake. Wairimu aliwarudisha kwangu wote, akampelekea daktari mkuu taarifa, akasema mwenyewe kwamba masomo ya maziwa yasimame mpaka ijulikane yafanywe vipi. Akahamia upande wa watoto, kupima uzito.

Kwa hiyo nilishinda. Viti vyangu vilirudi. Hotuba yangu nikaitoa mbele ya chumba kilichonyamaza vizuri.

Jumanne iliyofuata walikuja wachache. Iliyofuata, wachache zaidi. Nilidhani ni mvua, kisha nikadhani ni mazishi ya mtu mkubwa, kisha mvua na mazishi vikaisha na benchi likabaki na watu wa kuhesabika. Nilimkuta Mama Susana sokoni, nyuma ya samaki wake, nikamuuliza vidonge anachukua wapi siku hizi. Alinipa kiti. Alizungumza kwa upole, kwa sababu anaheshimu watu, lakini alichosema ni kwamba safari ya kuja kliniki ni siku nzima ya biashara, na siku hizi akija anaambiwa namba anarudi. Akasema yule binti wa maziwa akirudi, nimtumie ujumbe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na nikamwuliza Zablon lile swali nililokuwa nimelikwepa tangu hospitali. Alikuwa kitandani anasahihisha madaftari kwa mkono ule ule wa kulia. Nilimuuliza kwa nini alimsikiliza Wairimu na hakunisikiliza mimi.

Akaweka kalamu chini, kama anavyofanya mwanafunzi akimuuliza swali zuri.

"Wewe ulijua kila kitu kuhusu presha yangu," akasema. "Yeye aliniuliza kwa nini napenda ile soda. Nikamwambia ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu anayetaka kitu kwangu. Akasema basi tutafute kitu kingine cha saa hiyo."

Miaka ishirini na zaidi ya ndoa, na sikujua hilo kuhusu ile soda. Msichana wa kupima uzito alilijua kabla yangu. Usiku ule wivu ulinikalia kifuani kama mtu mzima.

Asubuhi nilikwenda upande wa watoto. Wairimu alikuwa ameshika mtoto mmoja mnono aliyekataa kuachia mizani. Nikasimama pale na kofia yangu mpaka akamaliza, nikamwambia kliniki ya presha inamhitaji. Nilijiandaa kwa maneno ya kujivuna, maana mimi ningekuwa nayo mengi. Aliniuliza tu kama tutakaa meza moja.

Tulikaa meza moja. Hivyo ndivyo mlivyoikuta kliniki ninyi mliokuja baadaye, na mnadhani ilipangwa na wizara. Mgonjwa anakaa, anapumzika, anapimwa. Swali la kwanza ni vidonge, tena linaulizwa hivi: "Ni siku gani ulisahau?" na si "Je, unameza?", maana la pili kila mtu analijibu ndiyo. Halafu ndipo chakula, na maziwa lala kwa anayeyapenda na ambaye tumbo lake linayakubali. Mwenye ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili anamwona daktari kwanza. Wengine presha ilishuka kidogo, wengine haikusogea hata baada ya miezi ya kunywa kwa bidii, na tuliwaambia hivyo, wakaendelea kunywa kwa sababu walikuwa wameyazoea. Hakuna aliyepunguziwa vidonge bila daktari. Mkibadilisha kitu chochote kwenye meza ile baada ya mimi kuondoka, msibadilishe hicho.

Msidhani wivu uliisha. Tulikaa bega kwa bega miaka mpaka nikastaafu, na kila Jumanne kicheko kilitoka upande wake. Nilijaribu kuuliza watu maswali kama yake. Nilimuuliza dereva mmoja kwa nini anapenda chumvi, akanitazama kama askari amemsimamisha. Kuna watu sura zao zinawafungua wengine, na sura yangu ni ya kupima. Ila nilijifunza kunyamaza akiwa anaongea nao, na katika kunyamaza nilisikia mambo mengi ambayo hotuba yangu ilikuwa inayafunika. Zablon yupo, mzima, amestaafu kabla yangu, anameza vidonge na kunywa bilauri yake saa kumi. Shali nilimwachia. Nilinunua nyingine.

Jambo la mwisho ni la mwezi uliopita. Nilikuwa nasikia kichwa kizito, nikajipima nyumbani siku kadhaa kama Sista Dorka alivyonifundisha, nikaona namba ambazo nimewasomea wengine maisha yangu yote. Basi Jumanne nikavaa nguo za kawaida nikaja kliniki, nikachukua nafasi kwenye benchi kama mtu yeyote. Mmoja wenu alinipima, na alinipima vizuri, bila sweta. Vidonge nikaandikiwa. Nikaambiwa ningoje Wairimu.

Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, muuza mboga, nadhani, maana alikuwa na majani ya sukuma wiki yamenata kwenye kanga. Wairimu, ambaye sasa ana miwani na mvi za pembeni, alikuwa ameinama kumsikiliza, kidevu mkononi. Walizungumza kuhusu chumvi. Wakazungumza kuhusu maziwa. Halafu yule mama akaanza habari ya dada yake na shamba, na Wairimu akavuta kiti karibu.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwa mfano, kwamba tangu nistaafu naamka alfajiri nikiwa nimechelewa kazi ambayo haipo, na kwamba nakula mkate na chumvi nikiwa nimesimama, bila kujua kwa nini. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka aniulize. Na yule mama alikuwa bado anaendelea na shamba, na Wairimu anatikisa kichwa kana kwamba korido nzima ilikuwa tupu.

Mazungumzo ya presha yalikuwa yameisha zamani. Nilijua, mimi ndiye niliyepanga muda wa meza ile. Walikuwa wanapiga stori tu.

Nikakohoa.